Kinyozi na Chujio la Fosfeti

Majirani zangu, mnaikumbuka sebule ya Kinyozi. Asubuhi jua likiingia, tangi la samaki wa maji ya chumvi liling'aa, na mkewe, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alilitazama akiwa kitandani, pale pale sebuleni. Matumbawe yale ya zambarau humo ndani aliyalea mwenyewe tangu yakiwa kipande kidogo kama ukucha, kabla maradhi hayajamnyima miguu. Kila asubuhi mumewe alifuta kioo kwa sifongo huku wakipiga soga. Hiyo ndiyo saa aliyoingojea.

Kisha Kinyozi akanogewa na karata. Akawa anawamwagia samaki chakula cha siku nzima kwa mkupuo mmoja, kisha huyoo, haonekani mpaka jioni. Mabaki yakaoza, fosfeti, ile chumvi inayolisha mwani, ikazidi majini, na mwani ukafunika kioo.

"Mume wangu, nifutie kioo. Keti nami kidogo."

"Naleta mashine, Mwalimu. Hutaniomba tena."

Akaleta chujio kweli: mtungi mwembamba unaotiwa chembechembe za rangi ya kutu, zinazonasa fosfeti maji yanapopita. Muuza samaki wa mapambo alikuwa amemwonya. "Kaka, zisuuze kwanza mpaka maji yatoke safi. Tia kidogo, fungulia taratibu, maana matumbawe hayapendi mabadiliko ya ghafla. Na chakula upunguze."

"Kwani mimi mtoto?" alijibu Kinyozi. Wajuaji mnawajua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hakusuuza. Aliujaza mtungi pomoni, akafungulia pampu yote, akaenda zake kwenye karata.

Vumbi la kutu likamwagika tangini. Mwalimu akayaona maji yakigeuka rangi ya matope na matumbawe yake yakijikunja. Akaita, lakini nani wa kumsikia? Mimi nilikuwa uani kwangu naanua nguo. Plagi ilikuwa upande wa pili wa sebule, na kwake hiyo ilikuwa safari. Akajiangusha kutoka kitandani, akajiburuta kwa viwiko. Niliposikia kishindo nikaingia mbio, nikamkuta sakafuni, mkono ameunyoosha, plagi hajaifikia.

"Chomoa," aliniambia. "Mimi niache. Chomoa."

Nilichomoa, nikalia, wala sioni haya kusema. Lakini siku zilizofuata matumbawe yalibabuka vipande vipande, yakabaki mifupa myeupe. Kinyozi alibadilisha maji, akazisuuza chembechembe na kuliwasha tena chujio taratibu, akapiga magoti, akaomba radhi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi moja alikuja na sifongo, akakuta hakuna cha kufuta. Chujio lilikuwa limefanya kazi yake. Mwani umekufa, kioo ni safi, na mifupa yote inaonekana. Akaketi kando ya mkewe.

"Nipo, Mwalimu. Tupige soga."

Mwalimu alinitazama mimi niliyemletea uji.

"Dada, nigeuzie kitanda kielekee ukutani."

FUNZO

Enyi mlio na wagonjwa majumbani, chujio halina kosa. Kazi yake ni kunasa fosfeti. Kuketi na mtu si kazi yake. Ile kazi ndogo inayokuchosha wewe huenda ndiyo furaha pekee ya mwenzio, basi usiitafutie mashine ili upate nafasi ya kuondoka. Na anayejua akikuonya, msikilize. Kinyozi sasa anaketi sebuleni kila asubuhi, anaongea na mgongo wa mkewe.