Nne ya Kwetu ni Tatu

Kila siku baada ya shule, Sindano alifagia vipande vya uzi chini ya cherehani ya mama yake, kisha akajaza maji beseni la kufulia. Alinyunyiza vumbi la mbao juu ya maji, akatumbukiza miiko miwili, akaizungusha yote kuelekea upande mmoja na kuitoa. Vilibaki vimbunga vidogo viwili, vikizungukana kama watoto walioshikana mikono.

"Redio ilisema vimbunga vya baharini navyo huzungukana hivi," alimwambia rafiki yake. "Nataka nijue vitachukua muda gani kuzungukana mara moja, hata kabla havijaanza."

Rafiki huyo mama alimwita Pacha, maana hawakuachana tangu darasa la kwanza. Kazi yake ilikuwa kushika saa, kuhesabu sekunde na kutafuna karanga. Sindano ndiye aliyepima umbali kati ya miiko kwa futi kuukuu ya utepe ya mama na kuandika daftarini. Wakaendelea hivyo wiki tatu.

"Niazime daftari nilisome tu," Pacha aliomba siku moja. Sindano akampa bila kufikiri mara mbili.

Siku ya kumchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kwenye mashindano ya sayansi, Pacha aliitwa kwanza. Akabandika ukutani jedwali la Sindano, limenakiliwa kwa kalamu za rangi. Chini yake kulikuwa na jina moja tu, la Pacha.

Sindano alimtazama Pacha, Pacha akatazama dirisha.

"Mwalimu, ile ni kazi yangu," Sindano alisema zamu yake ilipofika.

"Wivu huo," mtu akanong'ona nyuma.

"Maji hayana upendeleo," mwalimu alisema. Akajaza beseni, akapima inchi nne kati ya miiko kwa rula yake, akaizungusha. "Jedwali linasema sekunde kumi na nne."

Vimbunga vikachukua sekunde ishirini na nne.

"Labda maji ya leo ni mazito," Pacha alisema. Darasa likacheka.

"Nne ya kwetu ni tatu," Sindano alisema polepole. "Futi ya mama ilikatwa na mkasi, inaanzia moja. Nyumbani sote tunatoa moja kichwani, hatuandiki. Weka tatu, mwalimu."

Mwalimu akaweka tatu. Sekunde kumi na nne, kamili.

Pacha akainama. "Ni kazi yake," alisema. "Mimi nilishika saa."

Sindano akachaguliwa, na kuagizwa asahihishe jedwali lote. Jioni Pacha alileta daftari nyumbani kwa Sindano. Mama alikuwa na pini mdomoni, akazitoa.

"Ungeniomba, tungeandika majina mawili," Sindano alisema. "Mawili, Pacha."

"Nisamehe."

"Atakusamehe akiwa tayari, usimharakishe," mama alisema. "Na wewe mwanangu, kipimo usichokiandika kitakuumbua siku moja. Lakini Pacha, sikiliza. Namba unaweza kuzibeba zote. Ilipokatika futi anapajua aliyepima. Kazi ya mwenzio haitakujibia ukiulizwa."

Akamtupia Pacha ile futi. "Jedwali linarudiwa lote. Leo unapima wewe. Ukisahau kutoa moja, unaanza upya."

Pacha akapiga magoti kando ya beseni. Sindano hakutabasamu, ila alichukua saa, akaanza kuhesabu.