Jogoo Mzito wa Rahabu

Kila asubuhi Rahabu alipuliza moto kwanza, kisha akainjika chungu cha uji. Moshi ulipopanda, kuku walishuka kutoka darini. Wale wadogo walishuka kama majani. Jogoo wa kuchi alishuka kama gunia la viazi. Pu!

Kuchi ni kuku wa asili, mrefu na mzito. Kaka yake Rahabu alimletea jogoo mmoja na matetea wawili kutoka Mnazi, huko tambarare. Kijiji kizima hakikuwa na wengine. Rahabu alitaka mbegu ile ienee. Kwa kuwa milimani kuna baridi na ukungu, aliwalaza jikoni, juu ya dari, penye joto la moto. Ndivyo mama yake alivyolaza kuku, na bibi yake pia.

Jumatano moja jogoo alishuka, akabaki ameinua mguu mmoja.

"Mama Tobia," alisema Fanueli, mumewe, "huyu amekuwa kiguru. Jumamosi tumchinje, kabla hajakonda."

"Tukimchinja, mbegu imekwisha. Hakuna jogoo mwingine wa kuchi."

"Na akikonda, tutatafuna mifupa."

"Basi nipe hadi hiyo Jumamosi."

Jumatano hiyo hiyo wanakijiji walikuwa wakipalilia shamba la pamoja. Rahabu alimfuata Hadija kwenye tuta lake. Hadija alizaliwa Tabora, akachuma chai miaka mingi, kisha akahamia kijijini hapo. Kwao walifuga kuchi.

"Shikamoo, mama. Jogoo wangu anachechemea."

"Marahaba, mwanangu. Jioni nitakuja kumwona."

Jioni Hadija alimgeuza jogoo. Chini ya wayo palikuwa na uvimbe kama harage. Akatazama dari. Akamtazama Fanueli, aliyekuwa akinoa panga mlangoni.

"Baba Tobia, kitendawili!"

"Tega."

"Hulala mlimani, huamka kiguru."

Fanueli akafikiri. "Mbuzi."

"Mbuzi gani huyo? Nipe mji."

"Chukua Mombo."

"Mombo joto. Sitaki."

"Haya, chukua Lushoto na soko lake."

"Nimekwenda Lushoto, nikala matunda, nikashiba, nikarudi. Jibu ni jogoo wenu."

Rahabu akacheka. Fanueli hakucheka, ila aliacha kunoa.

"Kuku mdogo hubebwa na mabawa," Hadija alieleza. "Kuchi uzito wote humwangukia miguuni. Leo pu, kesho pu, wayo unavimba. Na moshi huu unawaumiza kifua."

"Lakini mama, nje kuna baridi! Watakufa."

"Baridi peke yake haimwui kuku mzima. Upepo na unyevu ndivyo vinavyomwua. Wajengee banda. Upande wa upepo, kandika udongo mpaka juu. Upande wa pili, acha dirisha karibu na paa, ulizibe kwa wavu, hewa ipite juu ya vichwa vyao. Chini tandaza maranda makavu. Yakilowa, yatoe. Kisha weka mti wa kulalia, mnene kama kifundo cha mkono, usio na ncha."

"Uwe juu kiasi gani?" Fanueli akauliza.

"Chini ya goti."

"Goti la nani? Mimi mrefu."

"La mkeo."

Alhamisi na Ijumaa Fanueli alikata miti. Rahabu alikandika udongo. Asubuhi na jioni aliosha mguu wa jogoo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaufunga kitambaa safi, akamlaza penye ukavu.

Jumamosi ikafika. Fanueli aliingia bandani na kisu. Rahabu alisimama nje. Jogoo alishuka kutoka kwenye mti wake mfupi, akagusisha mguu mbovu chini. Akauinua. Akaugusisha tena.

Fanueli alitoka. "Jumamosi ijayo," akasema.

Jumamosi ya tatu jogoo alitembea kwa miguu yote miwili, akawika hadi majirani wakalalamika. Baadaye tetea mmoja alilalia mayai, akaangua vifaranga kumi na mmoja wenye miguu mirefu. Hadija akapewa wawili. Majirani wakaja kuomba mayai ya kulalisha, na Fanueli aliwapeleka kwanza kuona banda.

Siku ya mavuno ndugu yake Fanueli, Yohane, alifika kutoka Mlalo. Akamwona jogoo uani.

"Kaka, nyama yote hii inatembea tu? Mtamchinja lini?"

"Nani amchinje?" akajibu Fanueli. "Huyo ana familia."