Mafuta ya Baba Mkwe

Gari lilizima mara ya tatu saa sita mchana, katikati ya uwanda wa chumvi, na safari hii halikukohoa kwanza. Lilinyamaza tu, likaserereka hatua chache juu ya ukoko mweupe, likasimama. Fundi alibaki ameshika usukani. Pembeni yake baba mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Mwalimu ingawa alistaafu miaka minane iliyopita, alitoa daftari lake dogo akaandika saa.

"Filta hiyo," alisema Mwalimu.

"Filta za akiba zimeisha, Mzee."

Zilikuwa mbili. Ya kwanza waliifunga asubuhi, ya pili saa nne, na kila iliyotolewa ilitoka nyeusi kana kwamba imechimbuliwa kwenye matope. Fundi aliteremka, akafungua boneti, na joto la injini likakutana na joto la jua usoni mwake. Pande zote nne palikuwa peupe mpaka mwisho wa macho. Hapakuwa na mti, hapakuwa na nzi.

Tuseme ukweli mapema: mafuta ya Mwalimu waliyoyatia kwenye gari hayakuwa mabaya. Mwalimu alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alianza kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia kutoka kwenye mikahawa, akawa anayachuja, anayapika na dawa zake kwenye pipa nyuma ya nyumba, anayaosha kwa maji mpaka yanageuka rangi ya asali. Jenereta la jirani yake liliyanywa mwaka mzima bila kulalamika. Tatizo lilikuwa gari. Pikapu ile ya dizeli, mali ya Mwalimu, ilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na tangi lake lilibeba uchafu wa miaka yote hiyo, umeganda kwenye kuta. Dizeli ya kawaida huuacha uchafu wa namna hiyo ulale. Mafuta ya Mwalimu huubandua wote na kuusukuma mbele kwenye filta. Tena mipira ya zamani ya kupitishia mafuta haiyawezi. Huvimba, hulegea, mwisho hupasuka.

Fundi aliyajua hayo yote, maana ndiyo kazi yake, na alinyamaza. Siku moja kabla ya safari alijaribu kusema kwamba mipira ni ya zamani na ingefaa ibadilishwe. Mwalimu akamjibu, bila kuinua macho, kwamba hesabu ameshazifanya. Basi, yakaishia hapo. Mtu huyohuyo ambaye gereji aligombana na madereva wa malori mpaka wakamwomba radhi, mbele ya baba wa mkewe alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Miaka minne ya ndoa, hajawahi kumwambia mzee yule neno "hapana".

Walikuwa wanakwenda kumwona mtoto. Mke wa Fundi, binti pekee wa Mwalimu, alikuwa muuguzi kwenye hospitali ndogo ng'ambo ya uwanda, na alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue. Kwenye simu hakuomba nguo wala zawadi. Alimwambia mumewe kwamba presha ya mzee si ya kuchezea, asimkalishe juani, na akamalizia, "Uniletee baba yangu mzima." Alijua watapita barabara kuu. Lakini kwenye njia panda Mwalimu alinyoosha kidole upande wa uwanda, kwamba huku ni karibu mara mbili, na Fundi akakata kona. Hata wakitafutwa, wangetafutwa kwingine. Simu zao hazikuwa na mtandao tangu alfajiri.

Mchana ule wote Fundi alipambana na filta. Aliiosha kwa mafuta safi kutoka kwenye dumu la akiba la lita ishirini, akairudisha, akapampu kwa mkono, akalegeza nati za nozeli kutoa upepo ulionaswa kwenye mafuta, akapiga selfu kuliwasha gari. Injini ikashika kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, ikazima. Akatoa upepo tena. Upepo haukuisha, mapovu yalikuja tu, na kila alipopiga selfu sauti ya betri ilizidi kuwa nzito. Mara ya tano aliacha.

Maji ndiyo yaliyomtisha. Waliondoka na dumu la lita kumi, kwa kuwa safari ilikuwa ya saa tano tu, na rejeta ya kupozea injini ilikuwa imeshakunywa nusu yake. Walilala kwenye viti, milango imefungwa kuzuia baridi.

Kesho yake Fundi aliondoka kabla jua halijatoka kutafuta alama yoyote ya magari. Alimpimia Mwalimu kikombe kilichojaa, naye akabeba chupa ndogo. Alitembea saa mbili akielekea mashariki kwenye kilima cha rangi ya majivu, kilichoonekana kiko pale pale kila alipoinua macho. Ukoko wa chumvi ulikatika chini ya viatu na kumkwaruza vifundo vya miguu mpaka damu. Jua lilipopanda aligeuka, akafuata nyayo zake mwenyewe, ulimi umemganda kinywani.

Mwalimu alikuwa chini ya gari, kwenye kivuli pekee kilichokuwepo. Kikombe kilikuwa pembeni yake, kimejaa, kimefunikwa kwa daftari.

"Nimeshakunywa," alisema mzee.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Kwenye mfuko wa shati pakiti ya vidonge vya presha ilionyesha matundu mawili mapya: cha jana na cha leo, maana Mwalimu ni mtu wa ratiba, angemeza dawa yake saa moja kamili hata nyumba ikiungua. Vilikuwa vidonge vya kukojoza. Fundi alikuwa amemsikia mkewe akieleza sijui mara ngapi kwamba vinakamua maji mwilini. Aliangalia kikombe, akaangalia pakiti, na kwa mara nyingine akameza maneno yake.

Saa nane mchana Mwalimu alitaka kwenda haja. Alitambaa nje, akasimama, akapiga hatua mbili na kuanguka, paji la uso likagonga bampa. Fundi alipomfikia damu ilikuwa inaingia jichoni, na mzee akamwangalia kwa upole akamwambia arudi kwenye dawati lake, kengele haijalia.

Hapo Fundi aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Aliona uso wa mkewe, akaona vile atakavyosimama mlangoni na kutazama nyuma yake kumtafuta babake. Akachana shati lake, akalifunga jeraha kwa nguvu, akamvuta mzee kivulini kwa makwapa. Hakuwa amewahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono.

"Kunywa," alisema.

"Tenga ya kwako kwanza. Wewe una mtoto."

"Mzee, sikuombi. Kunywa, nakuangalia. Na hivi vidonge nakaa navyo mimi."

Alichomoa pakiti kwenye mfuko wa mzee bila ruhusa, akamshika kisogo na kumwekea kikombe mdomoni. Mwalimu alimtazama kwa macho makali kama ya enzi za darasani, kisha akanywa. Fundi akampa cha pili. Baadaye alijinywesha na yeye, akajilaza chali pembeni yake kusubiri akili za mzee zirudi.

Akiwa amelala hivyo ndipo alipoliona tone. Lilining'inia juu ya tangi, mahali ambapo mpira wa dizeli unapita kati ya tangi na chuma cha chesesi, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona. Akaingiza mkono. Mpira ulikuwa umevimba na kulainika, umepasuka kwa urefu wa kidole, na juu ya ufa palikuwa na utepe mweusi wa umeme uliokwisha kuyeyuka gundi. Mapovu yote yale ya jana yalikuwa yakiingilia hapo. Utepe ulikuwa umezungushwa kwa mpangilio mzuri, kila mzunguko umelalia mwenzake nusu kwa nusu, kama mtu anavyojalidi kitabu. Si mkono wa gereji uliofunga vile.

"Nani kafunga huu utepe?"

Mwalimu alijibu kwa sauti yake ya kawaida, akili zimemrudi.

"Mimi. Wiki tatu zilizopita. Ulianza kuvuja."

"Hukuniambia."

"Wewe ndiye fundi. Ningekuja kwako niseme mafuta yangu yamekula gari? Niliona aibu."

Hasira ilimpanda Fundi mpaka masikio yakavuma. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alijisikia akicheka, kicheko kikavu kilichomuuma koo, kwa sababu hesabu zilikuwa zimelingana.

"Na mimi nilijua utapasuka," alisema. "Nilijua kabla hatujatoka. Nikaona haya kukubishia. Mzee, tunakufa hapa kwa kuoneana haya."

Mwalimu alifumba macho. Machozi hayakutoka, mwili haukuwa na maji ya kupoteza, lakini kidevu kilimcheza. Alisema samahani, mara moja tu, na Fundi akasema samahani pia. Kisha wakaanza kuongea kama watu wenye kazi.

Mpira haukuwa wa kuzibwa tena, alisema Fundi, na tangi lenyewe ni uchafu mtupu. Mwalimu akauliza kwa nini wasiliache tangi kabisa. Waweke dumu juu ya paa, mafuta yatashuka kwa uzito wake. Fundi akasema hana mpira mrefu. Kisha akakumbuka mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye kioo cha mbele, ambao chombo chake kilikuwa kikavu siku nyingi. Aliung'oa wote, akausafisha kwa pumzi. Dumu la akiba, lililobaki lita kumi na saba hivi, akalifunga juu ya paa kwa kamba ya turubai, na mafuta yakashuka mpaka kwenye ile filta iliyooshwa. Yalibaki mafuta yanayorudi kutoka kwenye pampu, ambayo yakiachwa yaende tangini yangewamalizia dumu njiani. Hayo yalihitaji chombo, na chombo kilikuwa kimoja. Walikunywa maji yote yaliyosalia, vikombe sawa kwa sawa, Fundi akihesabu kwa sauti. Kisha dumu la maji likawekwa miguuni kwa Mwalimu na bomba la kurudisha likaingizwa humo.

Kama betri ingekataa, wangekuwa wamelitoa dumu lao la maji bure. Fundi alitoa upepo, safari hii mapovu yakaisha, yakaja mafuta matupu ya rangi ya asali. Akageuza ufunguo. Selfu iliguna mara moja, mara mbili, ikasita, na injini ikashika. Moshi uliotoka ulinukia viazi vya kukaanga, na matumbo ya wanaume wawili wasiokula tangu jana yakalia kwa pamoja.

Walikwenda polepole, jua mgongoni, kile kilima mbele. Kila nusu saa walisimama bila kuzima, Fundi akapanda kurudisha juu mafuta ya dumu la chini. Mwalimu aliangalia kipimo cha joto na kusema namba. Mara mbili kichwa chake kililala begani kwa Fundi, na mara mbili Fundi akamtikisa kwa nguvu, akimtaka ataje namba. Walipopita kilima waliiona barabara, na lori likipita juu yake, dogo kama kiberiti. Hapo ndipo ukoko ulipovunjika. Magurudumu ya mbele yakazama kwenye tope la chumvi hadi ekseli.

Fundi hakujaribu hata kuchimba. Alimbeba mkwe wake mgongoni, akaenda. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania, na alinuka jasho na dizeli na damu. Mara ya kwanza aliomba ateremshwe, akaambiwa hapana. Hakuomba tena. Fundi alianguka kwa magoti mara asizoweza kuzihesabu. Dereva wa lori aliyewaona kwanza alidhani ni mtu mmoja mrefu mwenye kichwa kisicho mahali pake, akafunga breki kwa hofu.

Siku mbili Mwalimu alilala katika hospitali ileile ndogo na dripu mkononi, na binti yake hakumsemesha yeyote kati yao zaidi ya maneno ya kazi. Siku ya tatu hasira zilimwishia, au zilimchosha. Alimleta mtoto, akamweka mikononi mwa babu yake. Mwalimu alimpokea kwa tahadhari kubwa, kama chupa ya asidi, mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya miguu, na shingo ya mtoto ikaanguka nyuma. Mama mtoto alikuwa amegeuka kufunga dirisha.

"Hapana, Mzee," alisema Fundi. "Siyo hivyo. Kichwa."

Mwalimu aliinua macho, akamtazama mkwe wake. Kisha akasogeza mkono, akakishika kichwa.