Picha Niliyoipunguza Ikamponza Mwalimu Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na tano, mama wa watoto watatu, mkaazi wa Wawi hapa Pemba. Mkasa huu nimeukalia kimya miaka mingi... Nimewaogopa watu, nimeogopa kupoteza kazi, wakati mwengine hata hodi ya jirani ilinishtua!

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina mimba ya miezi sita ya mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nasomesha baiolojia katika skuli moja ya sekondari. Mkuu wa idara yetu ya sayansi alikuwa Mwalimu Hamad, mtu mzima, mpole, aliyenisomesha tangu nikiwa mdogo na kunipigania nipate kazi pale. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kompyuta Unguja, aliniomba niitengenezee idara tovuti.

Nilivimba kichwa! Miezi miwili nilishinda kwenye duka la intaneti pale mjini Chake, nikipanga majina ya walimu, nikichagua rangi, nikiandika maelezo ya majaribio yetu. Muuza duka akawa ananitania kuwa mtoto wangu atazaliwa anajua kuchapa.

Kwa ukurasa wa mbele nilichagua picha niliyoipiga mwenyewe siku ya somo la maua. Mwalimu Hamad na wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wameyapasua maua ya mkarafuu, vipande vyake vibichi wamevibandika viganjani, kisha wakanyanyua mikono ili kamera ivione. Ilikuwa picha nzuri, lakini nzito. Ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka. Nikaipunguza. Nikaipunguza tena, mpaka ikafunguka upesi. Nikafurahi, wala sikuiangalia vizuri.

Laiti ningeiangalia! Vile vipande vya ua vilikuwa havionekani tena. Ilibaki mikono tu, viganja vimekunjuliwa, vimeinuliwa juu, na mwalimu wao yuko katikati...

Mliokuwepo mnakumbuka. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kiganja kilichokunjuliwa kilikuwa salamu ya chama cha upinzani. Watu walikuwa hawazikani! Mtu alipita maduka matatu ili anunue sukari kwa mwenzake wa chama. Mtumishi wa serikali, hata akitaka kusimamisha gari kwa mkono, aliangalia kwanza nani yuko nyuma yake. Na mimi nimeitundika mikono ile waione walimwengu!

Haikupita wiki nikaitwa ofisini, ofisi ambayo siitaji. Afisa aliiweka mezani karatasi iliyochapwa picha ile, akaniuliza kwa upole ulionitisha zaidi kuliko ukali, "Bibi, nani aliyeichagua picha hii?"

Mtoto akanipiga teke tumboni. Niliwaza kufukuzwa kazi, niliwaza kujifungulia rumande... Fleshi yenye picha kubwa ya mwanzo, ambayo ndani yake vipande vya ua vinaonekana wazi, ilikuwa ndani ya mkoba wangu! Ningeitoa, mambo yangeweza kwisha palepale. Lakini ningeitoa vipi bila kukiri kuwa mimi ndiye niliyeichagua na kuiharibu?

Nikasema, "Mwalimu Hamad."

Mungu wangu! Ulimi huu huu uliomwamkia kila asubuhi!

Naye akaitwa siku ileile. Alipotoka alinikuta barazani. Aliniambia niende nyumbani nikapumzike, jua lilikuwa kali kwa mwenye mimba. Nikajidanganya kuwa hajui kitu.

Alisimamishwa kazi. Wazazi wakasema amewatia watoto wao kwenye siasa kwa hila, amewafundisha salamu ya chama kwa kisingizio cha somo. Wanafunzi waliokuwa wakimbebea vitabu wakawa wanabadili njia wakimwona. Darasani hakurudi tena. Tovuti niliifuta yote, na kila gari geni liliposimama mtaani kwetu, mimi nilijificha chumbani.

Miaka ilipita, siasa zikapoa. Nikasikia Mwalimu anaumwa. Nilikwenda, nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikaanza kueleza. Akaninyamazisha kwa mkono.

"N'najua, mwanangu. Afisa kan'ambia siku ileile ulosema. N'kamwambia ni kweli, mie ndo n'lochagua. We ulikuwa na mtoto tumboni."

Nililia mpaka mkewe akaingia kutazama kuna nini! Mwalimu akasema amenisamehe, lakini ana ombi moja.

"Wale watoto wadhani n'liwachezea. Kawambie."

Niliahidi. Je, niliwaambia? Sikuwaambia! Kila nilipokutana na mmoja wao, sasa ni watu wazima wenye familia zao, nilimuuliza hali ya watoto wake nikapita. Nikajiambia nitasema mwezi ujao, nitasema baada ya Ramadhani... Mwaka jana Mwalimu Hamad alifariki. Kwenye maziko niliwasikia wanawake wawili kati yao wakinong'onezana kuwa marehemu alikuwa mtu mwema, ila siasa zilimharibu. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yao, kimya!

Wasomaji wenzangu, nakuombeni, hofu ikikushikeni semeni kweli palepale. Uwongo wa dakika moja unaweza kumla mtu maisha yake yote. Msijipe kesho, kwani kesho hamuimiliki.

Na nyinyi mliokuwa kidato cha pili siku ile, mlionyanyua mikono yenye maua... Mwalimu wenu hakuwachezea. Picha niliichagua mimi, nikaiharibu mimi, nikamsingizia yeye. Mimi ni Bi Salma, mwalimu wenu wa baiolojia.