Risasi Iliyompita Fisi

Marehemu alikuwa amelala ubavu kando ya mgunga kwenye mwinuko, macho wazi, na wanaume kadhaa walikuwa wamechuchumaa kumzunguka wakinoa visu.

"Hakuna kukata!" Inspekta Sellah alipiga kelele kabla gari halijasimama. "Hicho ni kidhibiti!"

"Ni nyama, madam," mmoja alijibu kwa upole. "Jua likipanda haitakuwa nyama wala hicho kingine."

Marehemu alikuwa maksai mweupe aitwaye Lokwang, na usicheke. Sellah mwenyewe alitaka kucheka alipopewa kesi hiyo asubuhi katika kituo cha Kakuma, chai yake ikiwa bado ya moto. Alikuwa ametoka Lodwar kufuatilia paneli za sola zilizoibwa. Mkuu wa kituo akamwambia, "Hebu pitia na hii. Polisi wa akiba ameua ng'ombe kwa bunduki ya serikali." Lakini alipomwona mwenye ng'ombe, kicheko kilimwisha.

Mzee Longor alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kidogo, tumbaku shavuni, mkono mmoja juu ya pembe ya Lokwang. Watu wa rika lake walimwita Apalokwang, baba wa Lokwang, kwa maana huko mwanamume hubeba jina la maksai wake kipenzi. Alimlea tangu akiwa ndama, akamwimbia katika kila ngoma. Sasa alimpapasa tu ile pembe, taratibu, kama bado inasikia.

"Ejok, mzee," Sellah alimsalimu. "Pole sana."

"Ejok. Pole haileti ng'ombe yangu, mama. Mimi nataka huyu kijana afungwe. Na binti yangu anarudi kwangu. Leo hii!"

Kijana mwenyewe alikuwa Ekiru, mkwe wake, polisi wa akiba wa pale, ambaye mzee alikuwa amemtembelea na mifugo yake kufuata malisho. Alisimama amejifunika blanketi saa nne ya asubuhi, Turkana, jua linakaanga mawe, na bado anatetemeka. Malaria. Mkewe Nakeno alikuwa amemshika kiwiko asianguke, macho yamemvimba kwa kulia.

Sellah akatoa kalamu. "Ni wewe uliyepiga?"

"Ni mimi, madam."

"Eleza."

"Kulipopambazuka fisi alikuja karibu na boma. Alisimama pale kwenye mti mkavu. Nikamlenga kifuani. Risasi ikampita juu ya mgongo, ikampata Lokwang huku nyuma, kwenye mwinuko."

"Ulisimama wapi?"

"Mlangoni pa kibanda changu."

"Mzee alikuwa wapi?"

"Kwa majirani. Nimekosa, madam. Nipeleke tu."

Ehe! Sellah alikuwa amekamata watu wengi maishani. Walikana, walikimbia, wengine walizirai. Huyu aliharakia jela kama anayechelewa harusini.

Aliwaruhusu wenye visu wafanye kazi yao, kwa sharti moja: nyama yao, risasi yake. Wakashangilia. Longor akageuza uso. Risasi ilitolewa shingoni, na ilikuwa imeingia kutoka upande wa boma. Hadi hapo Ekiru hakuwa amedanganya.

Konstebo Levis, dereva wake, alikuwa bomani, akiinama huku na huko mchangani. Mlangoni pa kibanda hakupata kitu. Mbali kidogo, kando ya ua wa miiba, akanyanyua mkono. Ganda la risasi, jipya, bado linanuka baruti. Moja tu. Pembeni yake palikuwa na alama ya kigoda na mate ya tumbaku yaliyokauka.

Sellah akarudi kwa Ekiru. "Wewe unatafuna tumbaku?"

"Hapana, madam. Mimi mtu wa kanisa."

"Haya. Na hii bunduki yako, umeiziro mita ngapi?"

Kuziro, ndivyo askari wanavyosema, ni kurekebisha vilengeo ili risasi itue pale pale jicho linapoona, kwa umbali uliouchagua mwenyewe. Na sijui ni nini kilimpata yule mgonjwa. Uso uling'aa. Homa aliisahau.

"Mia tatu, madam! Wenzangu wote walichagua mia moja, nikabaki peke yangu."

"Kwa nini?"

"Angalia hii tambarare. Wezi wa mifugo unawaona wakiwa kule mbali. Nikiwarushia moja kule kule, vumbi likaruka mbele ya miguu yao, wanarudi kwao. Wa mia moja lazima angoje mpaka waangaliane machoni, na hapo mtu anakufa. Mimi sijaua mtu. Sitaki."

"Na kitu kikiwa karibu, kama pale kwenye mti mkavu?"

"Hapo inapiga juu. Risasi haiendi kama kamba iliyovutwa, inapanda kwanza halafu inashuka. Mpaka pale inakuwa imepanda shubiri moja na nusu hivi. Kwa hiyo unalenga magoti, unapata kifua. Nimezoea, madam. Hata nikiota nalenga magoti."

"Mbona leo fisi ulimlenga kifuani?"

Ekiru akavuta blanketi mpaka kidevuni. Meno yakaanza kugongana tena.

Sellah akamvuta nyuma ya gari. "Sasa sema ukweli, kabla sijakasirika."

"Nilikuwa nimelala na homa," Ekiru alinong'ona. "Nikasikia mlio. Kutoka nje, mzee ana bunduki yangu, anacheka kama kijana. 'Nimemlenga kifuani! Nimemkosa, lakini amekimbia!' Akanirudishia, akaenda kuwaonya majirani. Kulipokucha vizuri, mimi ndiye niliyemkuta Lokwang. Mzee aliporudi nikamwambia fisi alirudi, nikapiga mimi. Masikio yake yamechoka, akaamini kwamba mlio wa pili hakuusikia tu."

"Unajua atamchukua Nakeno?"

Machozi yalimtoka Ekiru, wala hakuyafuta. "Nampenda Nakeno. Nampenda sana. Lakini mzee akijua ni mkono wake, madam, atakufa yule. Akinichukia mimi atapata nguvu ya kuishi. Nakuomba usimwambie."

Sellah alikasirika kweli kweli. Alimkasirikia yule mzee, akaikasirikia malaria, akamkasirikia hata fisi. Angeandika maelezo ya uongo? Na akiyaandika, mke huyu achukuliwe, na kijana mwema aozee rumande?

"Nakeno!" Longor alikuwa akiita. "Lete punda!"

Nakeno, huku akilia, alimleta punda. Ngozi ya kulalia ilipandishwa, ikafuata sufuria. Sellah hakuweza kutazama zaidi.

"Mzee, njoo hapa." Akafungua kiganja, ganda la risasi likamemeta juani. "Hili limeokotwa kando ya ua, ulipokuwa umeketi alfajiri."

Longor akamtupia Ekiru jicho, kisha akashusha sauti. "Sikutaka kusema, mama. Bunduki ya serikali mimi siruhusiwi kuishika. Ni kweli nilipiga moja. Nikakosa. Huyu alipiga baadaye."

"Ganda ni moja tu, mzee. Levis amelipekua hili boma lote."

"Basi lingine limepotea."

Sellah hakubishana. Alimtuma Levis aweke mtungi wa plastiki wa njano kwenye mti mkavu, akawaita wenye visu wateremshe nyama bomani, akahakikisha hakuna mtu wala mnyama upande ule, akachukua bunduki ya Ekiru, akakaa pale pale penye alama ya kigoda. "Angalia vizuri, mzee. Nalenga katikati ya mtungi. Katikati kabisa."

Akapiga.

Mtungi haukutikisika. Nyuma yake, kwenye mwinuko, vumbi liliruka kando ya mchanga wenye damu, pale alipoangukia Lokwang.

Longor alilitazama lile vumbi mpaka likaisha. Akakitafuta kigoda chake kwa mkono, akakikosa, akaketi chini.

"Ni mimi," alisema.

Akatema tumbaku mchangani.

"Nilimwona fisi anamnyemelea Lokwang wangu. Huyu mtoto mgonjwa, nitamwamshaje? Nikachukua bunduki. Nilitaka kumwokoa. Nimemuua mimi." Akalia kwa sauti, mzee mzima, na wenye visu wakainamisha vichwa. Kisha akamgeukia Ekiru. "Na wewe! Kwa nini ulibeba mzigo wangu?"

"Wewe ni Apalokwang," Ekiru alisema. "Ungejitajaje tena jina lako, Apa?"

Longor akajifuta uso kwa kiganja.

"Mjinga wewe," alisema. "Mjinga kabisa. Nakeno, shusha hivyo vitu. Nani alikuambia upakie?"

"Ni wewe, baba!"

"Shusha!"

Sellah aliandika: ajali, mlalamikaji ameondoa malalamiko. Bunduki ingekaa kituoni hadi malaria ipone, na mzee akaonywa vikali asiiguse tena maisha yake yote.

"Nimesikia, mama," Longor alisema. "Lakini hayo ya kulenga magoti, Ekiru atanionyesha kidogo tu?"

"Mzee!"

Kicheko kikapasuka, hata Nakeno akacheka huku anafuta pua. Wenye visu walikuwa wamekwisha kuwasha moto. Kipande cha kwanza walimpa Longor, maana ng'ombe alikuwa wake. Hakukila. Alikichukua akaenda kuketi karibu na Ekiru, akavuta blanketi limfunike vizuri mabegani.

"Sina hamu ya kula, Apa."

"Lokwang hakataliwi. Kula."

Nyama ilikuwa ya moto. Longor akaipuliza ipoe, kama unavyompulizia mtoto, akamshikia mpaka alipotafuna.