Watatu kwa Tiketi Mbili

Rachael ni mwalimu wa darasa la sita hapa Kulesa, kando ya mto Tana. Haya nilihadithiwa na mumewe Danson, jirani yangu, na Danson si mtu wa kutunga maneno.

Aprili mwaka jana, shule zilipofungwa, Rachael alisafiri Nairobi na wifi yake Dorothy. Miaka kumi na miwili alikuwa akifundisha habari za makumbusho kutoka kitabuni, hajawahi kuingia hata moja. Wakapanga siku moja, majumba matatu: la picha asubuhi, la sayansi mchana, la historia mwisho.

Kwenye jumba la picha, askari wa mlangoni alizitazama tiketi, kisha akawatazama wao.

"Mama, tiketi ni mbili. Nyinyi ni watatu."

Dorothy akacheka. "Watatu na nani?"

Askari akachungulia nyuma ya bega la Rachael. Akawapisha, huku akijifuta viganja kwenye suruali.

Rachael hakuzifaidi picha. Kila aliposimama, mwili ulimhimiza kuondoka. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa baridi, kana kwamba amekitumbukiza mtoni. Alivua kiatu akakisugua. Soksi ilikuwa kavu.

Kwenye jumba la sayansi palikuwa na mashine ya kuonyesha joto la mwili. Ukisimama mbele yake unajiona kwenye skrini, mwekundu kama kaa la moto; kilicho baridi huwa buluu. Wakasimama. Dorothy mwekundu. Rachael mwekundu. Katikati yao, mwanamke mfupi wa buluu.

Dorothy akageuka upesi. Hapakuwa na mtu. Kwenye skrini, yule wa buluu alikuwa ameushika mkono wa Rachael.

"Wifi," Dorothy akanong'ona, "turudi gesti."

"Siwezi. Miguu haitaki."

Hakuwa akitania. Miguu ilimtoa nje, ikamvusha barabara, ikakata kona bila kuuliza njia, na Rachael hakuwa akiijua Nairobi. Dorothy alimfuata mbio huku akimwita. Jumba la historia. Ngazi. Chumba cha nyuma kabisa. Hapo ikasimama, mbele ya sanduku la kioo.

Ndani mlikuwa na kikuku kimoja cha shaba. Kibao kiliandikwa: *Kikuku cha mwanamke. Mto Tana, karibu na Golbanti. Mwenyewe hajulikani.*

Rachael akahisi nywele zinamsimama. Baada ya mafuriko ya mwisho, mto ulikuwa umemega ukingo wa shamba lake, si mbali na Golbanti, na kufukua kaburi la zamani. Yeye ndiye aliyeikuta ile mifupa. Mguu mmoja ulikuwa na kikuku cha shaba. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Aliifunika kwa jembe lake, akaomba, akamwambia Danson peke yake.

Kioo kikaingia ukungu. Kwa ndani.

Sauti ikamjia sikioni, Kipokomo cha kizee, kile alichokisikia kwa nyanya yake tu.

"Hicho changu."

Kisha ikauliza, polepole:

"Au nichukue mguu wako?"

Baridi ikapanda. Muundi. Goti. Paja. Rachael hakuuhisi tena ule mguu.

"Chukua chako, nyanya," akasema, meno yakigongana. "Mimi nilikufunika tu. Niache nirudi kwa wanangu."

Baridi ikashuka. Goti. Muundi. Kifundo. Ikatoka.

Ukungu ulipokauka, kikuku hakikuwamo.

Walizuiliwa hadi jioni. Mikoba ikapekuliwa, kufuli zikakaguliwa, nzima zote. Kamera ilionyesha wanawake wawili wamesimama tu, mmoja kakumbatia kifua. Hakuna aliyegusa kioo. Wakaachiliwa. Rachael alirudi Kulesa akitembea vizuri, ila tangu siku ile hapiti ule ukingo bila kusalimia.

Mwezi uliopita mtunza vitu wa jumba lile alimpigia simu. Alisema palipokuwa na kikuku palibaki tope bichi, lenye alama ya kisigino. Amelifuta mara tatu. Sanduku limefungwa, na tope hurudi.

"Sasa leo lina maji juu," akasema, sauti chini kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Mwalimu, niambie. Huko kwenu mto umejaa?"

Rachael alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni. Tana ilikuwa imevunja kingo tangu alfajiri.