Boti Haijafika

Stendi ya Kibiti asubuhi haina adabu. Basi la Lindi lilikuwa linapiga honi, wauza korosho wanagombania madirisha, na kwenye hoteli ya chai soketi inayofanya kazi ilikuwa moja tu. Biasha akachomoa waya wa mtu, akachomeka wake.

"Dada, hapo ni pangu."

"Soketi ni ya mama mwenye chai. Chako ni waya, huo hapo."

Mwenye waya aliitwa Abdulatifu, Latifu kwa wenzake. Shati lake lilipigwa pasi mbele tu. Sura ya kawaida, tusidanganyane, ila macho yake yalikuwa ya mtu anayesikiliza. Biasha alivaa dera la zambarau na mtandio mweupe, ananukia udi. Bila kuomba ruhusa akaangalia kompyuta ya Latifu.

"Hii programu ya nini?"

"Ya wanunuzi wa kaa. Kwani unazijua?"

"Kuziandika ndiko kunakonilisha. Hapa umeandika BotiImefika. Inatangazwa lini?"

"Boti ikikata kona ya mwisho kabla ya gati. Ghala wajiandae."

"Basi haijafika. Tukio umelipa jina la uongo."

Latifu akacheka. "Jina tu, mama."

"Jina tu? Ghala likisikia imefika linatuma wapimaji gatini. Wakifika wanakuta maji."

Ni kweli. Katika programu za namna ile kila kitu kina shughuli zake. Boti hailiamrishi ghala. Inatangaza lililotokea, basi, na ghala likisikia linaitika kwa kazi yake. Tangazo likiwa la uongo, wote waliosikia wanafanya upumbavu kwa uaminifu. Biasha akavuta kiti, akaligawa lile tukio mara mbili: BotiInakaribia kwa kabla, BotiImefika kwa baada. Kazi ya ghala inayoitika akaiita BotiIkifika, ili anayesoma ajue inangoja nini. Basi la Lindi alilokuwa analingoja likaondoka bila yeye.

Wakaanza kupigiana simu. Mwanzo kazi, halafu hata kazi hawakuitaja.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe umepiga pasi mgongoni leo?"

"Nani ananiangalia mgongo?"

"Mimi, ukiondoka."

Miezi ikapita hivyo. Kilichoharibu ni mdomo wa Latifu. Siku moja kwa kinyozi, kijana mmoja mnunuzi wa kaa alimsifia Biasha, akauliza kwao ni wapi. Latifu, povu shingoni, akajibu, "Usijisumbue. Yule nimeshamposa."

Hakuwa amempeleka mshenga wala kuwaambia wazee wake. Alikuwa na nia tu. Lakini kwenye kiti cha pili alikaa nahodha wa Kiongoroni, kijiji cha baba yake Biasha kule mto unapoingia baharini. Boti ikashuka na maji, na habari ikashuka nayo. Ijumaa, Mzee Bushiri alipotoka msikitini, watu walimshika mkono. Hongera, binti kaposwa. Kaposwa na nani? Mzee alisimama pale kama mgeni katika nyumba yake.

Biasha alimpigia Latifu siku ileile.

"Umeniposa kwa nani?"

"Mpenzi, nilitaka tu yule kijana akome..."

"Baba anaulizwa mahari, hajui hata jina lako! Anasema mwanawe kaolewa kimyakimya. Amenikataza nisikanyage nyumbani."

"Nia ninayo, wallahi."

"Ulikuwa unakaribia, ukatangaza umefika. Nilikufundisha kwenye kompyuta, kichwani hakikuingia. Usinipigie."

Akakata. Latifu alipiga tena na tena, simu ikaita bure. Mwisho akamfuata baba yake mdogo, Mzee Huseni, akamweleza yote.

"Mpumbavu," alisema Mzee Huseni. "Vaa kanzu. Twende."

Walipanda boti alfajiri, wakapita katikati ya mikoko, wakashuka kwenye matope ya kupwa kwa maji. Kanzu ya Latifu ikalowa hadi magotini. Mzee Bushiri aliwapokea barazani bila tabasamu.

"Posa siisikilizi. Watu waliniona mjinga mlangoni pa msikiti. Kaseme huko kwanza."

Baada ya swala ya adhuhuri Latifu alisimama mlangoni pa msikiti, matope yamekauka miguuni.

"Nilisema nimemposa binti wa Mzee Bushiri. Nilisema uongo. Mzee hakuambiwa, na binti hakunituma. Nisameheni."

Halafu mzee mmoja akasema, "Sasa wewe si ungeposa tu?" na watu wakaangua kicheko. Mzee Bushiri alijizuia, akashindwa.

"Huseni," alisema, "mlete mwanao ndani. Sasa nasikiliza."

Magharibi ilipokaribia, Latifu alizunguka kijiji akitafuta mtandao, Mzee Bushiri nyuma yake, akaupata nyuma ya tangi la maji. Safari hii Biasha alipokea.

"Uko wapi? Mbona upepo?"

"Kiongoroni."

"Kiongoroni! Umefanya nini huko?"

"Nimeposa."

"Shahidi nani?"

"Msikiti mzima. Na baba yako yuko hapa, anataka simu. Anasema urudi nyumbani, na uje na sukari."

Biasha alikuwa analia, lakini sauti aliiweka sawa.

"Mpe simu. Na Latifu..."

"Naam, mke wangu."

"Mchumba!"

"Naam, mchumba."